Dawa za usiku kwa mtoto mwenye narkolepsia: maswali ya wazazi

Mwanangu ana narkolepsia, ugonjwa wa usingizi unaomfanya asinzie mchana kutwa. Iweje apewe dawa ya kumlaza usiku?

Kwa sababu usiku halali vizuri; usingizi wake hukatikakatika. Narkolepsia yenye katapleksia, yaani ile ya mwili kulegea ghafla mtoto akicheka, hutokea ubongo unapopoteza seli zinazotengeneza hipokretini, kemikali inayomsaidia mtu kubaki macho. Dawa za jamii ya oksibeti humpa usingizi mzito, na mchana kusinzia na kulegea hupungua. Haziponyi ugonjwa.

Zipo ngapi?

Marekani kuna tatu zilizoidhinishwa kwa watoto wa miaka 7 na zaidi: Xyrem (2018 kwa watoto), Xywav (2020) na Lumryz, iliyoanza kwa watu wazima 2023 kisha watoto 2024.

Zinatofautianaje?

Kiini chao ni kimoja. Tofauti kubwa ni chumvi na saa.

Tuanze na chumvi. Kwa dozi ya gramu 9, kipimo cha juu cha mtu mzima, Xyrem humwingizia mtumiaji miligramu 1,640 za sodiamu kwa usiku mmoja. Xywav ni 131 tu. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake, lakini atakunywa dawa hii miaka mingi. Kama ana shida ya moyo, figo au shinikizo la damu, ningemuuliza daktari kuhusu Xywav kwanza. Lumryz nayo ina sodiamu nyingi kama Xyrem.

Kuhusu saa, Xyrem na Xywav kwa kawaida hunywewa mara mbili: kitandani, kisha tena baada ya saa 2.5 hadi 4. Mtoto akinywa saa tatu usiku, mzazi atamwamsha kati ya saa tano na nusu na saa saba. Kila siku, pamoja na sikukuu. Lumryz ni unga unaokorogwa kwa maji na kunywewa mara moja tu. Kwa mzazi anayefanya kazi zamu ya usiku, hilo laweza kuwa na uzito kuliko chumvi.

Nikipitiwa na usingizi, dozi ya pili ikapita?

Iache. Usimpe dozi mbili kwa pamoja hata siku moja.

Na madhara?

Kichefuchefu, kutapika, kukojoa kitandani, kuumwa kichwa, kupungua uzito, kutembea usingizini. Kubwa zaidi ni kupumua kudhoofika, ndiyo maana haichanganywi na dawa nyingine za usingizi wala pombe. Mtoto anayekoroma sana achunguzwe kwanza. Dawa hii pia hutumiwa vibaya kama kilevi, kwa hiyo Marekani hutolewa chini ya mpango maalumu wa usalama. Nyumbani, ifungie kwa ufunguo.

Melatonini, ile homoni ya usingizi, haitoshi?

Haichukui nafasi ya oksibeti. Baadhi ya madaktari hujaribu baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, ila haijaidhinishwa kwa narkolepsia.

Akilala kwa bibi yake?

Bibi aelezwe yote: mtoto ale angalau saa mbili kabla ya dawa, awe tayari kitandani anapokunywa, maana usingizi huja ndani ya dakika 5 hadi 15, wakati mwingine bila dalili. Kama bibi hawezi kuamka kwa dozi ya pili, mpigieni daktari kabla ya safari.