Mtoto amenyamaza kabla ya operesheni, katulia au kaogopa? Maswali na majibu

Mtoto wangu ana miaka 3, hata maana ya operesheni haijui, sasa ataogopa nini?

Operesheni haijui ni kweli, ila anajua kwamba huyu mtu aliyeziba mdomo na pua simfahamu, hiki kitanda sio changu, njaa inaniuma, alafu mama anaambiwa yeye aishie hapa mlangoni. Kwa watoto wa mwaka 1 mpaka 5 hivi kuachanishwa na mzazi ndo kunawatisha kuliko vyote, maana ukimwambia mama anarudi baadae hiyo baadae haijui, kwake mama akiondoka kaondoka. Wakubwa kidogo ndo wanaanza kuogopa maumivu, wengine wanaogopa wataamka huku wanapasuliwa.

Huo wasiwasi unapimwaje, kuna mashine?

Mashine hakuna. Mapigo ya moyo yanapanda ndio, ila yanapanda pia mtoto akiwa na homa au akiwa ametoka kulia, kwa hiyo peke yake hayatoshi. Mtu mzima unamuuliza maswali anajibu, huyu wa miaka 3 utamuuliza nini? Kwa hiyo tunamwangalia. Kipimo kinachotumika sana kinaitwa mYPAS, kilitengenezwa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani na timu ya daktari wa usingizi Zeev Kain, cha kwanza kilitoka 1995 na kilichoboreshwa 1997. Anayepima anatazama vitu 5: mtoto anafanya nini na mwili wake, anatoa sauti gani, uso wake ukoje, yuko macho kiasi gani kwa yanayomzunguka, na anamtumiaje mzazi wake. Kila kimoja kina ngazi 4, isipokuwa sauti ina 6. Alama zinaanzia 23 na kitu mpaka 100, na ikizidi 30 mtoto anahesabiwa ana wasiwasi.

Mimi wangu halii kabisa, kakaa tu kimya. Si ndo vizuri?

Hapa ndo naomba tusikilizane, maana hawa ndo tunawapita kila siku tukiwasifia "huyu jasiri huyu". Chukua mtoto kakaa kwenye mapaja ya mama yake, gari la kuchezea liko pembeni hata haligusi, kidole mdomoni, uso hauna furaha wala huzuni, nesi anamuuliza jina anamtazama tu hajibu, kila baada ya muda anamsogelea mama yake ashikwe. Tumhesabie: mwili ngazi ya 2 kati ya 4, sauti ngazi ya 3 kati ya 6 (ndio, kukaa kimya bila kujibu kuna alama mbaya kuliko kujibu kwa kunong'ona), uso 2 kati ya 4, umakini 2 kati ya 4, mzazi 2 kati ya 4. Kila sehemu ni nusu, unajumlisha unagawanya kwa 5 unazidisha kwa 100 unapata 50. Hamsini jamani, na chozi hata moja halijatoka! Yule wa kitanda cha jirani anayeuliza maswali mfululizo na kugusa kila kitu anaweza kuwa na 23 tu.

Anapimwa mara moja tu?

Wasiwasi haukai sehemu moja. Kipimo kimepangwa kwa nyakati 4, akiwa anasubiri, akiwa anapelekwa, akiingia chumba cha upasuaji na pale maski ya dawa ya usingizi inaposogezwa usoni, na hapo kwenye maski ndo mara nyingi unapanda zaidi. Kumtazama kwenyewe ni kama dakika moja tu kila mara.

Namba ikiwa kubwa inasaidia nini, si atalazwa usingizi tu?

Atalala, ila ataamkaje? Walioingia na hofu kubwa wana uwezekano zaidi wa kuamka wakiweweseka, kusikia maumivu zaidi, na wakifika nyumbani usingizi wa tabu, kukojoa kitandani, hawataki uwaache hata dakika, na hii inaweza kwenda wiki mbili. Kwa hiyo namba ikiwa juu daktari anaweza kumpa dawa ya kutuliza kama midazolamu, ya kunywa inapewa kama nusu saa kabla, au wakatumia mchezo, katuni, kumpa maski aishike kwanza na amvalishe mdoli wake. Dawa ni ya hospitali na wanampima uzito kwanza, tafadhali usimpe chochote cha usingizi nyumbani.

Nikiingia nae ndani si ataogopa kidogo?

Inategemea na wewe ukoje. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha mzazi kuwepo tu hakupunguzi hofu ya mtoto kwa kiasi cha maana, na mzazi mwenye wasiwasi sana anamwambukiza. Ukiwa umetulia, ingia kama wanaruhusu. Ukijiona mikono inatetemeka, mwombe baba yake au shangazi, haimaanishi humpendi.

Nimwambie nini kabla?

Ukweli mfupi: utalala, daktari atatengeneza tumbo, ukiamka nipo. Usimdanganye mnaenda kutembea. Alafu ukifika mwambie nesi mwanao akiogopa huwa anafanyaje, kama huwa anajificha shingoni kwako au anashika sikio lake anyamaze, sema, maana sisi tunamwona kwa mara ya kwanza leo.