Kruszyniany: kijiji kilichotokana na malimbikizo ya mishahara

Kila nikionyesha picha ya msikiti wa Kruszyniany, swali ni lile lile: "Mwalimu, hili si kanisa?" Siwalaumu. Jengo ni la mbao tupu, rangi ya kijani, na mbele lina minara miwili ya mraba kama makanisa ya vijijini huko. Inaelekea mafundi walikuwa Wakristo wa jirani, wakajenga walichokizoea. Ukiiona hilali kileleni ndipo unatulia.

Kijiji kiko Podlasie, kaskazini-mashariki mwa Poland, kilomita chache tu kabla ya mpaka wa Belarus. Ni nchi ya misonobari na vilima vya mchanga na mawe vilivyoachwa na barafu ya kale.

Waislamu walifikaje huko? Deni. Watatari, Waislamu wenye asili ya Kituruki, walikuwa askari wapanda farasi wa Poland na Lithuania, na hazina ilikuwa haina kitu. Mwaka 1679 Mfalme Jan III Sobieski akawapa ardhi badala ya mishahara waliyokuwa wakiidai. Kruszyniany ikawa fungu la kanali Samuel Murza Krzeczowski na watu wake. Na mwaka 1683 Watatari walikuwa upande wa Sobieski kule Vienna, dhidi ya Waosmani, Waislamu wenzao. Husimuliwa kwamba walichomeka mabua kwenye kofia ili wasichanganywe na Watatari wa upande wa pili.

Mimi kazi yangu ni miswada, kwa hiyo kinachonivuta zaidi ni vitabu vyao. Wenyewe huviita *kitab*, huhitaji mkalimani hapo! Kitatari kiliwapotea mapema, wakawa wanasema Kibelarusi na Kipolandi, lakini waliziandika lugha hizo kwa herufi za Kiarabu, wakiongeza nukta kwa sauti ambazo Kiarabu hakina. Aliyewahi kusoma utenzi wa Kiswahili katika hati ya Kiarabu ataijua shida hiyo.

Makaburi, *mizar*, yako kilimani nyuma ya msikiti, chini ya miti. Jiwe la zamani kabisa linalosomeka ni la 1699. Nilitembea kutoka jiwe hadi jiwe: juu shahada kwa Kiarabu, chini jina la marehemu, mara kwa Kipolandi, mara kwa Kirusi, kutegemea nani alikuwa akitawala alipozikwa. Shahada haibadiliki.