Dawa za kiungulia: yanayosemwa wodini na kwa kemisti, na ukweli wake

"Omeprazoli hunywewa ukishakula, isichome tumbo." Hapa ndipo dawa nyingi hupotea bure. Omeprazoli hufunga pampu za asidi zilizo kwenye ukuta wa tumbo, tena zile tu zinazofanya kazi, na kinachoziamsha ni chakula. Kwa hiyo humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, ili pampu zikiamka zikute dawa imeshaingia kwenye damu. Sasa tazama asubuhi ya wodi, iwe Kisumu au Nakuru: chai na mkate vikipita saa moja, trei ya dawa ikafuata saa mbili, mgonjwa amepewa miligramu 20 zake na karatasi imetiwa sahihi, lakini usiku kifua bado kinawaka. Ndipo dozi inaongezwa, ilhali ingetosha kumpa kapsuli saa kumi na mbili, muuguzi anapopita kupima presha.

"Nimemeza jana, sioni tofauti, hii ni feki." Huenda si feki. Omeprazoli huchukua siku 3 au 4 kufikia nguvu yake, kwa kuwa kila dozi hukamata pampu ambazo jana zilikuwa zimelala. Moto wa sasa hivi ni kazi ya antasidi ya maji, yaani dawa ya kuzimua asidi iliyo tayari tumboni, ambayo huanza kutuliza ndani ya dakika chache. Chupa itikiswe kwanza, maana unga hukaa chini. Ikinywewa tumbo tupu haidumu hata saa moja. Ikinywewa baada ya mlo hudumu kwa muda wa saa tatu hivi. Yenye magnesi huharisha, yenye alumini hufunga choo, na mwenye figo dhaifu asiguse yoyote kati ya hizo bila daktari.

"Antasidi haina neno, meza na chochote." Ina neno kubwa. Madini yake hushikana na dawa nyingine tumboni, zikapita bila kufyonzwa. Antibayotiki ya doksisaiklini na vidonge vya kuongeza damu vitenganishwe nayo kwa saa 2 au 3. Siprofloksasini, antibayotiki nyingine, na dolutegraviri, mojawapo ya ARV (dawa za virusi vya UKIMWI), zimezwe saa 2 kabla ya antasidi au saa 6 baada yake. Huku Nyanza, ambako ARV ni dawa ya watu wengi, swali "kuna dawa gani nyingine unameza kila siku?" liulizwe faraghani. Mbele ya kitanda cha jirani, jibu litakuwa "hakuna".

"Mgonjwa ana mpira wa pua? Fungua kapsuli, twanga, pitisha." Mpira huo hupita puani hadi tumboni. Zile punje ndogo zilizo ndani ya kapsuli ya omeprazoli zimevikwa ganda la kuzikinga na asidi. Ukizitwanga, asidi huiharibu dawa kabla haijafika kwenye utumbo. Ukizipitisha nzima, huziba mpira mwembamba. Anayeweza kumeza ila kapsuli nzima inamshinda, mchanganyie punje kwenye juisi ya machungwa, azimeze bila kutafuna ndani ya nusu saa. Wa mpira, mwulize mfamasia aina inayofaa. Akiandikiwa pantoprazoli ya mshipa, ndugu ya omeprazoli inayodungwa, miligramu 40 huyeyushwa kwa mililita 10 za saline (maji ya chumvi ya hospitali) na kusukumwa polepole kwa dakika 2 au zaidi.

Maziwa baridi? Hutuliza kidogo, kisha huchochea asidi upya. Mto wa pili nao humkunja mtu kiunoni, tumbo likabanwa. Afadhali matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, sentimita 15 hadi 20, alalie ubavu wa kushoto, na ugali wa usiku uliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala.

"Ni alsa tu, endelea na dawa." La, ikiwa chakula kinakwama kooni au kifuani, uzito unashuka, choo ni cheusi kama lami au anatapika damu. Saratani ya umio si ngeni magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, na dawa hizi zinaweza kutuliza maumivu huku uvimbe ukikua. Huyo apelekwe akapimwe kwa kamera. Kipimo cha choo cha Helicobacter pylori, kijidudu kinacholeta alsa, nacho kina masharti: omeprazoli isimamishwe wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4, kwa ruhusa ya daktari. La sivyo maabara inaweza kuandika kijidudu hakipo, kumbe kipo.