Kuchakata maandishi sio kutaipu jamani

Juzi tena kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wa kompyuta anatuambia watoto wa darasa la pili wameshamaliza kuchakata maandishi, nikachungulia skrini ya mwanangu nikakuta kanakili kutoka ubaoni "Baba analima shamba" mara kumi. Hiyo ni taipu. Sio mbaya, ila ni taipu.

Kuchakata maandishi ni kuyarudia uliyokwisha kuandika ukafuta, ukahamisha, ukachomeka neno katikati, bila kuanza upya ukurasa mzima. Maana ndio hiyo tu.

Kinachoniudhi ni kwamba Kiswahili chenyewe kilishatutofautishia. Kutaipu ni kuchapa, na chapa ni alama, limetoka Kihindi, ng'ombe anapigwa chapa na kazi imeisha. Kuchakata tunakujua kwenye mkonge, linaingia jani zinatoka nyuzi, hukuleta jani jingine, umelifanyia kazi lilelile. Na mwenye dhana aliwaza hivyohivyo: miaka ya 1950 Ulrich Steinhilper, muuza taipureta wa kampuni ya IBM huko Ujerumani, aliiita Textverarbeitung, yaani kuchakata maandishi, na hiyo Verarbeitung Wajerumani wanaitumia hata kwa ngozi au mbao inayofanyiwa kazi mpaka ikawa kitu. Mwaka 1964 IBM wakatoa taipureta yenye utepe wa sumaku, umekosea neno unalisahihisha kwenye utepe halafu mashine inauchapa ukurasa upya yenyewe. Yaani hata muuza taipureta aliona hizi ni kazi mbili!

Waliowafundisha hivyo watoto ni Wamarekani wa Bank Street Writer, programu ya 1982 iliyouzwa na Broderbund, chuo cha ualimu cha Bank Street pale New York kikiwa na mkono wake, ikakaa kwenye kompyuta za nyumbani za Apple II na Atari. Mtoto akiwa upande wa kuandika anaandika tu, akikosea mstari wa juu hawezi kupanda kuufuata, mpaka abonyeze kitufe cha ESC aingie upande wa kuhariri, na huko sasa herufi haziingii kabisa, kuna mishale ya kutembeza alama na menyu juu ya skrini: futa, rudisha ulichofuta, hamisha, rudisha ulichohamisha, tafuta. Kero ndio, unakwenda na kurudi kwa herufi moja, lakini mtoto wa miaka minane alikuwa anaijua tofauti kwa vidole kabla ya kuijua kwa mdomo. Mimi hiyo "rudisha" ndio naipenda zaidi, maana mtoto akijua kinarudi haogopi kufuta.

Kwa hiyo mwalimu wangu, taipu waendelee nayo, sina ugomvi. Ila kipindi kijacho wafungue faili lilelile, baba wamtoe wamweke bibi, sentensi ya kumi waipandishe iwe ya kwanza, zile nane za katikati wazifute.