Kidoti cha kwenye ramani si gari lako

Hapa Unguja siku hizi kila aliyeagiza gari Japani ana jina la meli kwenye simu yake. Akishatumiwa nakala ya B/L tu, yaani hati ya shehena, anafungua MarineTraffic au VesselFinder, programu za kufuatilia meli kwenye ramani, anaandika jina, na usingizi unamruka. Mimi ndiye jirani anayegongewa mlango. Wengi wanaisoma ramani ile kama kamera iliyofungwa juu ya mlingoti.

Linalowatisha zaidi ni hili: "Meli imesimama katikati ya bahari, leo siku ya sita. Itakuwa imezama." Haijazama. Meli zote za kuanzia tani jumla 300 zinazofanya safari za kimataifa zinalazimika kuwa na chombo kiitwacho AIS, na sharti hilo lilikamilika mwisho wa 2004. Meli ikiwa safarini, chombo hicho hurusha mahali ilipo, mwendo na mwelekeo kila baada ya sekunde chache, kwa redio ya VHF. Redio hiyo hainyanyuki kuufuata mviringo wa dunia. Aliyewahi kukaa Nungwi akaliangalia jahazi likitoka anajua: kiwiliwili huzama mwanzo, tanga likabaki, kisha nalo likapotea, na jahazi liko salama linakwenda zake. Antena ya pwani inayoilisha ramani ile ni hivyo hivyo. Huisikia meli ikiwa maili 40 hivi za baharini, ikizidi hapo kimya. Na kutoka Maldivi mpaka Shelisheli ni zaidi ya kilomita 2,000 za maji matupu.

Setilaiti huzisikia meli huko, ila taarifa zake kwa kawaida zinalipiwa. Wewe wa bure unaoneshwa pale iliposikika mara ya mwisho. Basi kabla hujampigia simu muuzaji usiku wa manane, tazama taarifa ile ni ya lini. Meli ya mwendo wa noti 16, yaani maili 16 za baharini kwa saa, hukata karibu kilomita 700 kwa siku, kwa hiyo kidoti cha siku sita kimeachwa nyuma kilomita 4,000 na zaidi.

"Programu imesema itafika tarehe 14." Programu haijui kitu. Bandari inayokwendewa na siku ya kufika huandikwa kwa mkono na mabaharia, nao wana kazi nyingine. Wakisahau kubadilisha, meli iliyokwisha kuondoka Singapore itaendelea kusomeka kuwa inakwenda Singapore. Tena wengi huandika kwa vifupisho: TZDAR ni Dar es Salaam, KEMBA ni Mombasa, TZZNZ ndiyo sisi. Jirani yangu mmoja aliona ZADUR, akashika kuwa ZA ni Zanzibar, akaenda Darajani kuulizia bei ya mazulia ya gari. ZA ni Afrika Kusini, na ZADUR ni Durban. Kumweleza ilikuwa kazi, maana aligeuka akaamini gari lake limepelekwa kwa mtu mwengine. Kinachoandikwa pale ni bandari inayofuata tu. Meli inaweza kupita bandari tatu nne kabla ya yako.

Halafu wapo wanaosema "naliona gari langu". Unaiona meli. Meli kubwa ya magari hubeba magari 6,000 na zaidi, na AIS haijui hata moja kati ya hayo. Gari laweza pia kuhamishwa njiani, hasa likiwa ndani ya kontena, na wewe ukabaki unaifukuza meli iliyokwisha kulishusha. Muulize wakala kama kuna meli ya pili. Na ukitafuta, tafuta kwa namba ya IMO yenye tarakimu saba. Majina ya meli yanafanana, tena meli ikiuzwa hupewa jina jengine, ila namba hiyo haibadiliki.

Ukiona meli ina bendera ya Panama na si ya Japani, isikushughulishe. Sisi ndio tungekuwa wa mwisho kulishangaa hilo: Zanzibar ina daftari lake la meli za kimataifa, na zipo meli zilizosajiliwa hapa ambazo hazijapata kuonekana mbele ya Forodhani.

Na kutekwa? Galaxy Leader, iliyotekwa Bahari ya Shamu tarehe 19 Novemba 2023, kweli ilikuwa meli ya magari. Lakini njia ya Japani kuja kwetu hupita Singapore na mlango bahari wa Malaka, kisha ikakata Bahari ya Hindi. Wenye kuagiza Uingereza ndio walioguswa, maana tangu wakati ule meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Mimi khofu yangu ni ya moto. Felicity Ace iliwaka Februari 2022 karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari kiasi cha 4,000, na Machi ikazama nayo. Hapo ndipo inapofaa kusoma ankara. Watu hudhani wakishalipa nauli mpaka bandarini na bima imo. Ikiwa imeandikwa CIF, imo. Ikiwa C&F, haimo.

Mwisho kuna "imeshatia nanga, kesho naendesha". Kutia nanga ni kungojea zamu. Bado kushusha, bado forodha, bado ushuru. Na kama B/L inasema Dar es Salaam, gari litashuka Dar, wala meli ikipita mkondo wetu haitakata kona kuingia bandari yetu ya Malindi kwa sababu yako. Wa Pemba ndio waongeze subira zaidi, wao wana maji mengine ya kuvuka.

Yule wa ZADUR lake lilifika, IST nyeupe. Sasa anamfuatilizia shemeji yake gari aina ya Noah, na mlango wangu unagongwa vile vile.