Galileo hakuvumbua darubini

Muulize mtu yeyote nani alivumbua darubini, jibu litakuja haraka: Galileo. Sivyo. Oktoba 1608, Galileo, mwanasayansi wa Italia, akiwa bado anafundisha hesabu katika mji wa Padua, fundi miwani wa Middelburg aitwaye Hans Lipperhey aliiomba serikali ya Uholanzi hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi, ya bomba lenye lenzi linalosogeza karibu vitu vya mbali. Akanyimwa. Wiki chache tu baada ya ombi lake mtu mwingine, Jacob Metius, alileta ombi kama hilo, na wakubwa wakaona siri imeshatoka.

Galileo alizipata habari hizo mwaka 1609, akajitengenezea yake. Ya kwanza ilikuza mara tatu hivi, kitu cha kuchezea. Lakini alijifunza kusaga lenzi kwa mkono wake mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha alikuwa na inayokuza mara ishirini. Hapo ndipo sifa yake ilipo, na ni kubwa kweli.

Usiku wa Januari 7, 1610 aliielekeza kwenye sayari ya Mshtarii akaona vinyota vitatu vimejipanga mstari mmoja: viwili mashariki, kimoja magharibi. Kesho yake vyote vitatu vilikuwa magharibi! Nyota za kawaida hazihamihami hivyo. Tarehe 13 akaona cha nne. Ilikuwa miezi, inaizunguka Mshtarii, wakati wengi waliamini kila kitu angani kinaizunguka dunia.