Maana ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii katika utengenezaji wa mavazi ya michezo

Maadili ya biashara ni kanuni zinazobainisha lipi linafaa na lipi halifai kutendwa katika kutafuta faida, hata pale sheria inaponyamaza. Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii ni wajibu wa kampuni kuyatolea majibu, na inapobidi kuyalipia, madhara ambayo shughuli zake zinaleta kwa watu na mazingira. Katika mazungumzo ya kila siku dhana hii ya pili hupunguzwa ikawa hisani tu: kampuni ikigawa mipira shuleni, ikachimba kisima au ikadhamini mbio za barabarani, husifiwa kuwa imerudisha fadhila kwa jamii. Misaada ya namna hiyo ina faida yake, ila haigusi swali la msingi, ambalo ni jinsi fedha zenyewe zilivyopatikana. Katika biashara ya raba, jezi na mipira swali hilo ni gumu zaidi, kwa sababu aliyeishona bidhaa kwa kawaida hakuajiriwa na kampuni yenye nembo iliyobandikwa juu yake.

Kampuni kama Nike na adidas hubuni bidhaa, huitangaza na kuiuza, lakini kazi ya kukata, kushona na kubandika soli hufanywa karibu yote na viwanda vya watu wengine kwa mkataba. Nike ilianza mwaka 1964 kwa jina la Blue Ribbon Sports, ikiuza Marekani viatu vilivyotengenezwa Japani. Gharama zilipopanda huko, oda zilihamia Korea Kusini na Taiwan, kisha Indonesia, China na Vietnam, na mara nyingi wenye viwanda vipya walikuwa Wakorea na Wataiwani waliozifuata oda hizo. Mwenye kiwanda akizidiwa na kazi humkabidhi mkandarasi mdogo sehemu yake, naye mkandarasi huyo huweza kuigawa majumbani. Kila mkataba unaoongezeka katikati humweka mfanyakazi mbali zaidi na kampuni inayonufaika na jasho lake.

Ndiyo maana, shutuma zilipoanza, jibu la kwanza la kampuni lilikuwa kwamba viwanda vile si vyao. Mwaka 1992 mwanaharakati wa Kimarekani Jeff Ballinger alichapisha hati ya mshahara ya mfanyakazi wa kiwanda cha Indonesia kilichoitengenezea Nike viatu, na hesabu ilionyesha kuwa analipwa senti 14 za dola kwa saa. Mwaka huohuo Nike ilikuwa na kanuni zake za maadili kwa viwanda, ila kanuni iliyobandikwa ukutani haibadilishi hewa ya kiwandani. Hilo lilidhihirika mwaka 1997, ilipovuja ripoti ya ukaguzi uliofanywa na kampuni ya wahasibu ya Ernst & Young, kwa malipo ya Nike yenyewe, katika kiwanda cha Tae Kwang Vina karibu na Bien Hoa, Vietnam. Soli hubandikwa kwa gundi, na gundi za wakati huo ziliyeyushwa kwa toluini, kemikali ambayo mvuke wake hudhuru njia ya hewa na mfumo wa neva. Wakaguzi walikuta sehemu nyingine za kiwanda zina mvuke wa sumu mara 177 ya kiwango kilichoruhusiwa na sheria ya nchi, na wakaeleza kuwa asilimia 77 ya wafanyakazi walikuwa na matatizo ya upumuaji. Ripoti ilikuwa imeandikwa tangu Januari. Umma uliiona Novemba, na kwa sababu tu mtu aliitoa.

Tarehe 12 Mei 1998, mmoja wa waanzilishi wa Nike, Phil Knight, alikiri mbele ya waandishi wa habari mjini Washington kwamba bidhaa za kampuni yake zimekuwa kisawe cha mishahara ya kitumwa, saa za ziada za lazima na unyanyasaji. Aliahidi kupandisha umri wa chini wa kuajiriwa hadi miaka 18 katika viwanda vya viatu, na hewa ya viwandani kupimwa kwa viwango vya Marekani. Gundi za maji zilichukua nafasi ya zile za toluini kwa kiasi kikubwa, na mwaka 2005 kampuni ikatangaza majina ya viwanda zaidi ya 700 vinavyoifanyia kazi, jambo ambalo kabla yake lilichukuliwa katika biashara hiyo kuwa siri.

Kesi ya Sialkot, Pakistani, inaonyesha kwamba hata nia njema ina gharama. Mpira wa kawaida wa vipande 32 ulishonwa huko kwa mkono: fundi huvibana vipande kwa kibanio cha mbao kati ya magoti, kisha hupitisha uzi uliopakwa nta kwa sindano mbili. Kazi ililetwa vijijini na mawakala, ikafanywa nyumbani, na watoto waliifanya pamoja na wazazi wao. Mkataba wa Atlanta wa Februari 1997, uliowaunganisha Chama cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda cha Sialkot, Shirika la Kazi Duniani na UNICEF, uliihamishia kazi hiyo kwenye vituo vinavyoweza kukaguliwa. Ajira ya watoto ilipungua, lakini wanawake wengi ambao mila haikuwaruhusu kwenda kufanya kazi nje ya nyumba walipoteza kipato. Waliouandaa walijitahidi baadaye kuanzisha vituo vya wanawake, na mimi naona hilo ndilo lililopaswa kufikiriwa kwanza.

Nyenzo inayotumiwa zaidi hadi leo ni ukaguzi, na udhaifu wake unajulikana. Mkaguzi hukaa siku chache, mara nyingi kwa taarifa ya awali, na kiwanda chenye vitabu viwili vya mahudhurio humwonyesha kile kilicho safi. Lakini kasoro kubwa zaidi haimo kiwandani. Kampuni inayoshusha bei ya kila jozi, ikabadilisha rangi ya oda dakika za mwisho na bado ikadai mzigo usafirishwe tarehe ileile, imeagiza yenyewe saa za ziada ambazo kanuni zake zinazikataza. Anayetaka kupima uwajibikaji wa kampuni atajifunza mengi zaidi kwenye mikataba yake ya ununuzi kuliko kwenye ripoti yake ya mwaka.

Kipimo kingine ni kiinua mgongo. Mwezi Januari 2011 mwenye kiwanda cha PT Kizone huko Tangerang, Indonesia, kilichoshona mavazi ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, alitoroka nchi, na wafanyakazi wapatao 2,800 wakabaki wakidai mamilioni ya dola. Nike ilichangia sehemu ya deni. adidas ilikataa, ikisema haikuwa na mkataba na kiwanda hicho wakati kinafungwa, hoja ambayo kisheria haikuwa dhaifu. Wanafunzi waliandamana, vyuo kadhaa vikavunja mikataba ya mavazi, na Aprili 2013 kampuni ikapatana na chama cha wafanyakazi.

Kanuni elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu zinagawa mzigo huu: dola ilinde, kampuni iheshimu, na aliyedhurika apate fidia. Zenyewe hazina nguvu ya sheria, ila zimezaa sheria: Ufaransa mwaka 2017, kisha Ujerumani, nyumbani kwa adidas na Puma, ambako sheria ya mnyororo wa ugavi ilianza kutumika 1 Januari 2023. Sheria hiyo ya Ujerumani inaitaka kampuni kubwa ichunguze hatari kwanza kwa wasambazaji wake wa moja kwa moja. Kwa walio nyuma yao, wajibu huanza pale tu kampuni inapopata dalili za kweli za ukiukwaji, na mkandarasi mdogo anayepeleka kazi majumbani yuko katika kundi hilo la pili.